Jumamosi za Mama Kiu

Isiolo
9 Aprili 1984

Dada Mumina,

Salaam aleikum. Sisi wazima, mbuzi wamekonda, mvua bado. Nimeanza na hayo ili usiseme nimesahau adabu, maana kalamu inaniwasha kueleza ya Jumamosi.

Dada, tumekuona! Uso wako hatukuuona, ila jina tumeliona. Sharamo wa hoteli aliweka televisheni juu ya meza ya kukatia nyama, wanaume mbele kwenye mabenchi, sisi wanawake nje dirishani, watoto popote penye nafasi ya goti. Taarifa ya habari ilipoisha yakaja maandishi: Watoto wa Kisima Kirefu, kutoka vitabu vya Mumina Galgalo. Nilipiga kelele mpaka mtoto akageuka tumboni. Nesi Kagwiria ameniambia miezi saba si ya kupiga kelele, lakini Kagwiria hana dada kwenye televisheni.

Alipotoka kisimani yule Mama Kiu wenu, kwanza fimbo, halafu mkono, halafu ule uso uliokauka, watoto walitimua mbio wakamwangusha Sharamo pamoja na birika lake la chai. Tulicheka mpaka tukatoa machozi. Ila nikikuambia kweli, nilipofika nyumbani niliufunika mtungi wa maji.

Mzee Sora aliuliza hiyo habari imetoka wilaya gani. Tukamwambia ni hadithi. Akasema, "Habari imesomwa hapo hapo kwa hiyo sanduku. Mtu hajatoka, mlango haijafungwa. Sasa uongo imeingilia wapi?"

Akko Tiya hakuja. Huyo bibi yetu amesema sanduku linaloongea na watu bila kuwasalimu halina heshima. Anakusalimu sana. Asubuhi alipita hapa akanitemea baraka tumboni kama kawaida yake, akamtemea na Dansoye, binti wa jirani yangu Istar, kwenye paji la uso. Nusu ya watoto wa mtaa huu hawaendi shule bila mate ya Akko, na mama zao ndio wanaowasukuma mbele.

Kitabu cha tatu hakijafika huku. Inaishaje? Nambie mimi peke yangu.

Mdogo wako,
Abiba


Nairobi
17 Aprili 1984

Abiba mdogo wangu,

Waaleikum salaam. Barua yako nimeisoma mara tatu, mara moja kwa sauti kwenye chumba cha walimu. Mzee Sora amewachekesha, lakini mwalimu wa historia amesema swali lake ni gumu.

Huku pia watu wanatazama. Kituo kimepata barua nyingi kuliko za muziki na mpira. Wengine wanauliza kama kisima kipo kweli, ili wasipeleke ng'ombe huko. Mtengenezaji wa kipindi amefurahi sana. Anasema mtazamaji akiogopa hawezi kuondoka kwenye kiti.

Mwisho nakwambia, lakini uape hutausambaza. Mama Kiu si adui. Yeye ndiye mlinzi wa kisima. Wale watoto anaowatemea mate wanaonekana wamekufa, kumbe amewalaza. Maji yote ya dunia yameisha, na mate yake ndiyo tone la mwisho, naye amewagawia watoto kidogo kidogo ili walale mpaka mvua irudi. Kila mtu anamkimbia yeye, na yeye ndiye aliyewaokoa. Yote hayo yataonekana tarehe thelathini Juni, Jumamosi ya kumi na tatu. Huenda ikawa ndiyo Idi yenyewe. Hebu fikiri Isiolo nzima inalia kwa furaha siku ya Idi!

Wiki hizi tatu za mbele zitatisha kidogo. Vumilieni.

Busu kwa Akko. Mwambie ninakula vizuri.

Dada yako,
Mumina


Isiolo
30 Aprili 1984

Dada Mumina,

Salaam aleikum. Kidogo, ulisema. Hiyo kidogo yako ungeipima kwa kipimo cha Isiolo.

Juzi Jumamosi Mama Kiu alimshika yule msichana wa hadithi kichwani. Muziki ukaanza ule wa kukwaruza. Akamtemea kwenye paji la uso, tfu, na msichana akaanza kukauka kuanzia vidole, mpaka akawa kama ganda la maharagwe. Televisheni ya Sharamo haina rangi, kwa hiyo alikauka akawa kijivu, rangi ya maiti hasa. Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyekimbia pia. Watu walikaa tu, na walipotoka walitoka bila kuagana.

Jana asubuhi Akko alipita kama kawaida. Dansoye alikuwa mlangoni. Akko akamwita, akamtemea baraka, akaendelea na njia. Hajafika hata kwenye kona, Istar akachukua leso akamfuta mtoto paji la uso. Hakufuta polepole. Alisugua. Tulitazamana, mimi na Istar, halafu kila mmoja akajifanya ana kazi ndani.

Dada, nina swali na usinikasirikie. Yule mwanamke wa televisheni amevaa shuka la Akko. Anatembea na fimbo iliyofungwa ngozi pale juu, kama ya Akko. Anaburuta mguu wa kushoto. Ni wewe uliwaambia wamvalishe hivyo? Watu wanauliza. Mimi nimesema wazee wote wanafanana.

Na yale maneno ya baraka yako wapi? Akko hatemi mate bila kusema kwanza. Anasema kua, uone majani mabichi, uzikwe na wajukuu. Mama Kiu hasemi kitu.

Abiba


Nairobi
8 Mei 1984

Abiba,

Waaleikum salaam. Sikukasirika. Nimekaa na barua yako siku nzima.

Maneno ya baraka yamo kitabuni, ukurasa wa arobaini na moja, kwa Kiborana chetu, na chini yake Kiswahili. Mtengenezaji aliyakata. Alisema mtazamaji wa Nairobi hataelewa, na kwamba akinyamaza anatisha zaidi. Sikujua mpaka nilipoona kwa jirani yangu siku ile ile mliyoona ninyi. Nimekwenda kituoni mara mbili. Mara ya pili mlinzi aliniambia mwenye vitabu akishauza hana la kusema.

Kuhusu nguo na fimbo, ni bahati mbaya tu. Walitafuta mavazi ya Kaskazini, wakaokota waliyookota. Akko hahusiki.

Waambie watu ni hadithi. Waambie wangoje mwisho. Zimebaki wiki saba, si nyingi. Mtu aliyeogopa juma hili ataona haya tarehe thelathini Juni, na wa kwanza kumwomba Akko radhi atakuwa Istar, utaona.

Mumina


Isiolo
16 Mei 1984

Dada,

Salaam aleikum. Dansoye anaumwa. Alianza na macho mekundu na kikohozi, sasa ana vipele mwili mzima na joto halishuki. Nesi Kagwiria amesema ni surua, na si yeye peke yake, ana watoto kumi na mmoja wenye surua kwenye daftari, na imewakuta wamekonda kwa ukame huu. Amepita nyumba kwa nyumba kueleza. Watu wanamsikiliza kwa heshima, wanamkaribisha chai, wanamwuliza, "Sawa nesi, lakini hiyo surua nani ameleta?"

Kati ya hao kumi na mmoja, tisa walitemewa na Akko. Najua unachotaka kusema, kwamba hata wazima walitemewa. Nimesema hivyo hivyo kwenye bomba la maji. Mama mmoja akanijibu, "Hao bado zamu yao."

Sasa Akko akija bombani wanawake wanampisha. Yeye alidhani ni heshima. Siku ya kwanza aliwashukuru, dada, aliwashukuru mmoja mmoja kwa majina. Siku ya tatu alinijia akakaa kwenye kigoda changu, akaniuliza, "Mimi nimekosea nani?" Nikamwambia hujakosea mtu, ni jua tu limewachosha watu. Nikamdanganya Akko usoni.

Juzi mtu alirusha jiwe juu ya bati lake. Jana mawe yalikuwa mawili. Na kuna vijana wamesema Mama Kiu wa televisheni hafi mpaka arudishwe alikotoka, na alikotoka ni kisima. Kile kisima kikavu cha njia ya Kipsing unakijua. Mume wangu Dabasso amekwenda mnadani na mbuzi wa watu, harudi mpaka mwisho wa mwezi. Sharamo amejaribu kuwakaripia wale vijana, lakini hoteli yake haijawahi kujaa hivi, na Jumamosi hazimi televisheni.

Ninaogopa. Nitumie ule mwisho. Nitausoma mimi mwenyewe kwa watu, usingoje Juni.

Abiba


Nairobi
25 Mei 1984

Abiba mpenzi,

Waaleikum salaam. Utingo wa basi atakupa bahasha hii mkononi. Ndani mna sura ya mwisho, nakala ya kaboni, maneno ya baraka yote yamo. Isome polepole. Isome mbele ya wazee.

Soma kesho kutwa ukiweza, kwa sababu nina habari mbaya. Wazazi wa huku wameandika kituoni kwa wingi. Watoto wanakojoa vitandani, hawataki kuoga, mmoja amekataa kumkumbatia nyanya yake aliyetoka kijijini. Wakubwa wamekutana na kukisimamisha kipindi. Kesho kitapigwa muziki. Hawataonyesha tena, hata ile ya mwisho iliyo tayari kwenye mkebe wa filamu. Nililia mbele ya karani wao. Nilimwambia mmewatisha watu, sasa wamalizieni. Akasema amri ni amri.

Akko alale kwako. Usimwache peke yake, hata akikataa, na mwambie ni wewe unayemhitaji kwa sababu ya ujauzito. Hilo hatalikataa.

Mumina


Isiolo
4 Juni 1984

Dada Mumina,

Bahasha ilichelewa, basi liliharibika njiani. Nilisoma juzi Jumamosi, siku ya pili ya Ramadhani, baada ya futari, saa ile ile ya kipindi. Sharamo alinipandisha kwenye kreti la soda ili nionekane. Mimi na tumbo langu.

Nilisoma vizuri, wallahi. Pale mvua inaporudi na watoto wanafumbua macho, nilisikia mama mmoja akivuta kamasi. Nikasema moyoni, alhamdulillahi, tumepona.

Mzee Sora akasimama. Hakuwa na ubaya, unamjua, ni mtu wa kutaka kuelewa tu. Akasema, "Binti, umesoma vizuri. Lakini hiyo ni karatasi ya ndugu yako, na huyo mama ni nyanya yenu. Sisi tulikuwa tunaona kwa televisheni ya serikali. Wiki iliyopita serikali imezima. Hata leo ni ngoma tu. Kama ilikuwa hadithi ya watoto, serikali ingezima ya nini?"

Niliwatazama nikaona swali lile likiingia kichwa baada ya kichwa. Mpaka siku hiyo nusu yao walikuwa wanaogopa huku wakijionea haya. Baada ya hapo haya iliondoka. Serikali imeona jambo, imelificha, basi jambo lipo.

Dansoye amefariki jana alfajiri. Inna lillahi. Alikuwa na miaka minne.

Akko alikwenda msibani. Nilimzuia, akaniambia ni mtoto aliyemshika kichwa akimbariki tangu azaliwe, atakosaje kumlilia. Istar hakupiga kelele. Alisema tu, kwa sauti ya mtu aliyechoka, "Akko, ukae huko nje." Akko akakaa nje, juani, amefunga, mpaka maiti ikatoka. Hakuna aliyekaa naye ila mimi, na mimi nilikaa mbali kidogo kwa sababu ya jua.

Sasa nataka unijibu kama dada, usinijibu kama mwandishi. Ulikuwa na maneno yote ya dunia. Kwa nini mate?

Abiba


Nairobi
12 Juni 1984

Abiba,

Nilikudanganya kuhusu nguo. Niliwachorea mimi. Shuka, ngozi ya fimbo, mguu wa kushoto, yote niliyatoa mimi, na walipomvalisha yule mwigizaji nilipiga makofi.

Wewe hukuwa umezaliwa tulipokuwa kwenye kile kijiji cha wakati wa vita vya shifta, serikali imetuzungushia seng'enge. Nilikuwa na miaka saba. Mdogo wangu Halake alikuwa na miwili. Siku moja Akko alimwita, akasema maneno yake, akamtemea kwenye paji la uso. Siku ya tatu Halake akafa. Watoto wengi walikufa mwezi ule, wa kila mtu, kwa kuhara na kwa njaa. Sasa ninajua. Lakini wakati ule nilijua kitu kimoja tu, nacho nilikiona kwa macho yangu.

Mwaka mzima nilimkimbia Akko. Akiniita kubarikiwa nilijificha nyuma ya choo. Yeye alidhani ninaona aibu kwa sababu nimekua. Sikumwambia mtu, wala mama. Nilipokuwa mkubwa niliona haya, na haya hiyo ndiyo iliyoandika vitabu vitatu. Mama Kiu ni Akko kama nilivyomwona nikiwa na miaka saba. Ule mwisho niliuandika ili nijiambie mwenyewe kwamba nilikosea. Niliona ukiwa mzuri vya kutosha nitaamini.

Nimeuandika mara tisa, Abiba. Ninaamini mchana.

Kumbe nimeuchukua woga wangu mmoja nikaugawa kwa mji mzima, na dawa yake nikaiweka Jumamosi ya kumi na tatu.

Nitakuja Idi. Shule ikinikatalia ruhusa nitakuja bila ruhusa. Usimwonyeshe Akko barua hii. Wewe peke yako ndiye hukuwahi kumwogopa, kwa hiyo yuko salama kwako. Ninalala kwa sababu ya hilo tu.

Mumina


Isiolo
24 Juni 1984

Dada Mumina,

Salaam aleikum. Nimejifungua Jumanne, tarehe kumi na tisa. Ni msichana. Ana nywele nyingi na hasira zako. Kagwiria ndiye aliyenizalisha, na Dabasso amerudi, yuko hapa anamtazama kama mtu aliyepewa mgeni asiyejua lugha yake.

Hayo ndiyo mazuri. Yanayofuata nimeyaandika mara nne nikachana.

Uliandika kwamba mimi sikuwahi kumwogopa Akko. Barua hiyo ilinikuta yeye amelala chumba cha pili, nikaisoma nikaificha chini ya godoro. Nimekuwa nikikuandikia wanaogopa, wanasema, wanawake wanampisha. Pale msibani nilikuambia nilikaa mbali kwa sababu ya jua. Dada, hakukuwa na kivuli popote. Nilikaa mbali. Na tangu Dansoye afe, Akko akininyooshea mkono tumboni asubuhi nilikuwa nikijifanya natafuta kitu sakafuni. Halafu ukaniambia habari ya Halake. Na siku tatu. Nilianza kuhesabu siku kabla hata ya kujifungua.

Ijumaa asubuhi Akko aliingia. Alikuwa ameoga, amevaa shuka safi, amepaka mafuta kichwani. Alikuwa amengoja siku mbili mimi nipumzike, kama mila inavyotaka. Alikaa pembeni ya kitanda akasema yale maneno, yote, taratibu, kua, uone majani mabichi, uzikwe na wajukuu. Sauti yake ilikuwa nzuri. Nilitaka kulia kwa uzuri wake. Akainama juu ya mtoto, na mate yakiwa tayari mdomoni.

Nikamfunika mtoto kwa leso.

Si Istar, dada. Si vijana wa mawe. Mkono huu ninaokuandikia ndio uliovuta leso mpaka juu ya uso wa mwanangu.

Akko alibaki ameinama hivyo hivyo. Nilimwona akielewa. Kila kitu alikielewa pale, bomba, mawe, msiba, yote, kwa leso moja. Halafu akafunga mdomo, akameza. Niliona koo lake likipanda na kushuka. Akanigusa mguu juu ya blanketi, akasema, "Pumzika, mama." Akatoka.

Nilidhani amekwenda kukaa nje. Dabasso alipokwenda kumtazama, fimbo haikuwepo. Alikuwa amepanda lori la chumvi kwenda Kulamawe kwa mjomba Huka, na mfungo wake na mguu wake ule. Sharamo alimwona anapanda. Anasema alimwuliza anarudi lini, naye akamwambia huku hakuna kazi yake tena.

Mtoto anaendelea vizuri. Leo ni siku ya tano. Ananyonya, joto lake ni la kawaida, Kagwiria anapita kila asubuhi. Lakini surua bado iko mtaani, na usiku kucha nimeshika leso ile nasikiliza pumzi zake, na sioni tena Mama Kiu wala televisheni ya Sharamo. Ninaona koo la Akko likimeza. Watoto wote wa ukoo huu wametemewa baraka, wewe, mimi, hata Halake. Huyu wangu ndiye wa kwanza kukosa, na aliyemnyima ni mama yake.

Ukija Idi usishukie Isiolo. Pitiliza mpaka Kulamawe. Mwambie Akko ulichoniandikia mimi, chote, na cha kwangu pia mwambie. Halafu mwombe arudi na wewe. Nitakaa mlangoni na mtoto, bila leso, mbele ya Istar na mji mzima.

Fanya haraka. Hatujampa jina bado. Tunamngoja yeye.

Abiba